Koti Lililopakwa Samli

Tulipomaliza matanga ya mama, nilikusanya nguo zake nikaziloweka. Hazikuwa nyingi: khanga zilizopauka, gauni la kwendea kanisani, na lile shuka jeusi alilojitanda maisha yake yote hata baada ya sisi kumnunulia sweta. Mjukuu wangu, ambaye amesoma na ana haraka, alirudi kutoka dukani kwa Mhindi na sabuni za namna tatu. Moja ya mche, moja ya unga ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke anayecheka, na moja ya kipande iliyonukia maua. "Bibi, chagua," akaniambia. Nikatia ile ya unga. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Povu lilikuja kidogo, likatazama huku na huku, likaondoka. Nikatia ya mche, ikagandamana na nguo kama maziwa yaliyokatika. Mjukuu akaanza kuitukana sabuni. Mimi nikaanza kucheka, nikacheka kwa sauti, hata wageni wa msiba waliobaki wakadhani uchungu umenipanda kichwani.

Wapi! Nilikuwa nimemkumbuka mama akiwa mwanamke kijana, ameinama juu ya beseni la mti, mtoto mgongoni, akibishana na maji.

Nyie wenzangu mliokuwa watoto wakati wa Mdachi mnajua jinsi vijana wanavyotuuliza. Wanataka tuwasimulie kiboko tu. Kiboko kilikuwepo, sikatai, na nitakigusa. Lakini mtoto hukumbuka kilichokuwa mbele ya pua yake, na mbele ya pua yangu mimi kulikuwa na nguo chafu za watu wengine.

Tulikaa upande wa Gulwe, reli ilipokuwa ndiyo kwanza inafika. Baba alikuwa ametangulia mbele na kundi la wabeba mataruma ya kulazia reli kuelekea Dodoma, na nyumbani tulibaki wanne: bibi yangu mzaa baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Mwaka ule mvua ilituruka. Mto ukabaki mchanga mtupu, na wanawake wakawa wanachimba mashimo mchangani na kungoja maji yajikusanye chini. Yaliyojikusanya yalikuwa na chumvi, machungu, ukiyanywa unahisi ulimi umevaa ngozi. Sisi wakubwa tulivumilia. Mdogo wangu tumbo likamkataa. Aliharisha mpaka akakosa nguvu ya kulia. Alifungua mdomo tu, sauti haitoki. Mama alikuwa akimwekea sikio kifuani kila mara, halafu ananitazama mimi, na mimi sikujua niangalie wapi.

Kwenye kambi ya reli kulikuwa na tangi la chuma. Gari la moshi lilileta maji matamu kutoka huko nyuma milimani, yakajazwa humo, na askari akasimama kando na bunduki yake. Hakuna mtu wa kijijini aliyeyagusa. Mama yangu ndiye aliyeyapata, na aliyapata kwa kufua.

Ilikuwa hivi. Mpishi wa pale kambini alikuwa Mrangi wa Kondoa, jina lake Athumani, mtu mnene mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Mzungu wake tulimwita Bwana Kamba, maana alishinda porini akinyoosha kamba na kupima njia ya reli. Athumani alipika na kufua, na kufua alikuchukia sana. Siku moja alimkuta mama kwenye mashimo ya mtoni akimwosha mtoto, akamwuliza kama anaweza kufua nguo za Kizungu. Mama alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, alichokipata kwa wapagazi waliokuwa wakipita kwao. Akamjibu, "Uchafu ni uchafu tu, Bwana mpishi. Hauna kabila." Athumani akacheka, wakapatana papo hapo. Yeye atatoa sabuni, na mama kila atakaporudisha nguo safi atajaza mtungi mmoja kwenye tangi. Lakini nguo ikirudi na doa, mtungi utarudi mtupu, na kazi atapewa mwingine. Wanawake waliokuwa wakiitamani kazi ile walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na mtoto wake.

Mdogo wangu alipoanza kunywa maji ya tangi, tumbo lilifunga. Akaanza tena kunivuta nywele. Kwa hiyo kila koti lililoingia nyumbani kwetu, mimi nililiona kama tumbo la mdogo wangu: likirudi salama, naye salama.

Kufua kwa kwanza, hata hivyo, kulikuwa aibu. Mama aliloweka mashati, akapaka sabuni, akafikicha, akafikicha. Maji ya mtoni yakageuka meupe machafu, yenye vipande vipande, lakini povu hakuna, na uchafu ukabaki pale pale shingoni mwa shati umekaa kama mwenyeji. Mama akafyonya. Akatia sabuni nyingine. Ikawa vile vile.

Mimi sababu niliijua, tena nilishangaa mtu mzima kama mama asiione. Kwetu Ugogo mgeni haingii tu nyumbani kwa watu. Husimama nje, husema "mbukwa", huitikiwa, huulizwa habari za alikotoka, ndipo hupewa kigoda. Sabuni hii imetoka Ulaya, imeingia kwenye maji ya watu bila kumwamkia yeyote, maji yafanyeje? Basi nikachukua kipande kidogo, nikaenda nacho mpaka kwenye shimo, nikachuchumaa, nikaitambulisha vizuri. Nikasema hii ni sabuni, imeletwa na Athumani wa kambini, haina ugomvi na mtu, ipokeeni. Nikanyamaza ili maji yajibu. Kumbe mama alikuwa nyuma yangu muda wote. Alicheka mpaka akaketi mchangani na mtoto mgongoni.

Nadhani kicheko kile kilimfungua akili, maana alipoinuka alikuwa na jambo. Maji haya haya yenye ukaidi ndiyo tuliyopikia mlenda, na mlenda ukiwa mgumu tunautia maji ya majivu, unalainika. Akachekecha majivu ya jikoni, akayakoroga ndani ya mtungi wa maji ya mtoni, akauacha utulie hadi takataka zikashuka chini. Kisha akayachota maji ya juu taratibu kwa kata, akatia sabuni. Loo! Povu likaja. Likapanda mpaka kwenye viwiko vyake, mdogo wangu akainyoosha mikono akitaka kulila. Mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba ni utambulisho wangu uliofanya kazi, ila ulichelewa kusikika.

Tangu hapo mama akawa fundi. Alijifunza kwamba sabuni hupakwa kwenye doa, haitupwi majini ikaogelea. Kola na mikono ya shati hutangulia, mwili hufuata. Nguo nyeupe haipigwi kwenye jiwe kama unaua nyoka, utavunja vifungo na Bwana ataviulizia. Nguo husuuzwa mpaka maji yanayotoka yafanane na yaliyoingia. Mwisho alizipitisha kwenye uji mwepesi wa mtama mweupe, uliochujwa, ili zisimame. Athumani alipozipiga pasi alisema hata yeye hakujua nguo za Bwana zilikuwa nyeupe kiasi hicho.

Aliyekuwa hapendezwi ni bibi.

Bibi yangu alivaa shuka la kaniki lililokuwa jeusi siku liliponunuliwa, lakini kwa samli na udongo mwekundu lilikuwa limekuwa na rangi yake lenyewe, zito, linang'aa, linanukia ng'ombe na moshi. Kwake yeye nguo ilikuwa ndugu ya ngozi. Inapotoka kwa mwuzaji ni mbichi. Ni kazi yako kuipaka samli, kuipaka udongo mwekundu, kuifikicha kwa viganja mpaka ilainike na izoee mwili wa mwenyewe. Asiyejipaka mafuta, akatembea mkavu, ni mfiwa. Ukikutana naye njiani unamwuliza nani kafa. Sasa hapo nyumbani kwake mke wa mwanawe alishinda akitoa mafuta kwenye nguo za watu, halafu anazianika zikiwa kavu, mchana kweupe, kila apitaye anaona.

"Anazichuna nguo," aliniambia. "Mama yako anazichuna kama mbuzi."

Na mama alikuwa akisikia. Hawakupigana, lakini waliweza kukaa kwenye moto mmoja tangu chungu kinainjikwa mpaka kinaipuliwa bila kuambiana neno, na mimi katikati nikipeleka ujumbe. Mwambie mama yako chumvi. Mwambie bibi yako imekwisha.

Siku moja Athumani alileta koti mwenyewe, amelibeba mikononi kama mtoto mchanga. Lilikuwa jeupe, nene, lenye vifungo vya shaba, na lilikuwa na vumbi la sandukuni na doa la chai. Akasema baada ya siku tatu, adhuhuri, gari la moshi litakuja na wakubwa wa Bwana kutoka pwani, kukagua reli. Bwana atawapokea kwa koti hilo, hana lingine kama hilo. "Hili, dada yangu," alimwambia mama, "likiharibika, mimi nitakula hamsa ishirini, na wewe usinijue." Hamsa ishirini, wenzangu, hamhitaji kuelezwa, vijana waambieni ni viboko ishirini na vitano vya Mdachi, na mpigwaji huhesabu mwenyewe.

Mama alilifua lile koti asubuhi iliyofuata kwa uangalifu ambao hata mimi hajaniogesha hivyo. Doa la chai lilitoka. Akalitandaza juu ya kichaka cha uani, akamfunga mdogo wangu mgongoni, akaenda mtoni kuchimba maji ya kupikia. Tukabaki bibi na mimi.

Bibi alilitazama koti kwa muda mrefu. Akalizunguka. Akaligusa kwa kidole, likakwaruza, maana lilikuwa limekauka kwa jua. Akanung'unika, "Maskini."

"Nani maskini, bibi?"

"Huyu Mzungu. Anakwenda kupokea wakubwa wake mkavu hivi, kama mfiwa. Wataulizana: nani kamfulia? Wataambiwa ni nyumba ya mwanangu. Mama yako amechoka, mtoto hamwachi alale, amelisahau katikati ya kazi. Lete kile kibuyu."

Nilijua ni kibuyu gani. Kilikuwa cha samli yake ya akiba, ya kabla ya ukame, aliyokuwa haigusi hata kwa mboga. Jamani, sikilizeni hapa, maana watu nikiwasimulia huruka mahali hapa wakimcheka bibi. Mwaka ule ng'ombe waliotoa maziwa hawakuwapo. Tulibaki na mmoja tu, naye alikamuliwa kwa kubembelezwa. Samli ile ilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Na hakuitoa kwa Mzungu. Aliitoa kwa mama, ambaye hata kumtazama usoni alikuwa hamtazami.

Alisaga udongo mwekundu mpaka ukawa laini kuliko unga. Akauchanganya na samli kiganjani. Akaanza mabegani mwa koti, akashuka mgongoni, akafikicha kila mshono, akiimba kwa pua wimbo wa kutengenezea ngozi. Mimi nilishika mkono wa koti ili usiguse chini. Lilipendeza, wallahi. Lile jeupe tupu lisilo na habari liligeuka rangi ya ardhi baada ya mvua, likang'aa, vifungo vya shaba vikatulia humo kama vimepata nyumbani. Akilini nilimwona Bwana Kamba akishuka kwenye tuta la reli na wakubwa wake wakisema, hee, huyu mwenzetu anapendwa na watu wake. Mama alipotokeza kwa mbali na mtungi kichwani nilikimbia kumpokea. "Mama, njoo uone! Bibi amelimalizia koti!"

Mama alifika. Akautua mtungi taratibu sana. Akaketi chini, akashika tama.

Nilingoja afurahi. Machozi yakaanza kumtoka, hayana sauti, yanashuka tu, na mdogo wangu mgongoni akiyashika kwa vidole. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo nimelielewa kinyume. Bibi alikuwa amesimama na viganja vyekundu, amenyoosha mikono mbali na mwili, anamtazama.

"Kwani nimekosea wapi?" bibi akauliza.

Mama akamwambia, kwa sauti ya chini, "Mama, Wazungu wanalitaka jeupe. Likirudi hivi, maji ya mtoto yamekwisha."

Bibi alishusha mikono. Akamtazama mdogo wangu. Nilimwona anavyolielewa jambo lile, lilimpita usoni kama kivuli cha tai juu ya ua, akawa ghafla mzee kuliko nilivyomjua.

Mama alikuwa wa kwanza kuinuka. Akaanza kuchochea moto. Akainjika maji, akachukua mche wa sabuni, akalishika koti.

"Usitie maji!" bibi akapiga kelele. "Toka hapo! Ukitia maji ya moto sasa hivi mafuta yataingia ndani mpaka kwenye mifupa ya nguo."

"Sasa nifanye nini?" mama akapiga kelele naye. "Niambie wewe! Si wewe uliyelipaka?"

"Ndiyo, mimi niliyelipaka, kwa hiyo mimi najua yanavyotoka! Miaka yote hii napaka ngozi, unadhani sijawahi kuzidisha mafuta? Lete pumba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakizungumza bila mimi katikati. Walikuwa wanagombana, lakini wanazungumza.

Bibi akalitandaza koti kwenye ungo mkubwa, kwenye jua kali la saa nane, akalizika ndani ya pumba za mtama. Akasema tungoje. Jua likaiyeyusha ile samli, na pumba, ambazo zina kiu kuliko ng'ombe, zikainywa. Zilipogeuka nzito na za kunata akazikung'uta, akatia nyingine kavu, akasugua kwa gunzi la mahindi bila maji hata tone. Udongo mwekundu ukawa unatoka pamoja na pumba kwa vipande. Kuku walizila zile pumba zenye samli, wakatembea siku nzima wakijiona wakubwa.

Kesho yake ikawa zamu ya mama. Alichemsha maji ya majivu makali, yale yanayoteleza vidoleni, akaloweka koti humo, akalisukuma kwa mti. Mafuta yaliyobaki yakapanda juu, mekundu. Akayamwaga, akatia mengine. Kisha sabuni, kola kwanza, mishono baadaye, kwa kiganja, bila jiwe. Bibi alikaa karibu akimwonyesha: pale bado, pale chini ya mkono bado, nilifikicha sana pale. Mama akasugua pale. Ilipofika jioni koti lilikuwa limerudi kuwa koti.

Lakini halikuwa jeupe. Lilikuwa na wekundu wa mbali, kama sehemu ya ndani ya mdomo wa mtoto. Mama alisugua mpaka ngozi ya vidole ikaanza kutoka, na ule wekundu haukutaka kuondoka. Kilichobaki cha sabuni kilikuwa kama ukucha. Akalitua koti, akasema, "Basi. Nimeshindwa."

Bibi akaingia ndani. Akatoka na kibuyu kingine, cha maziwa ya mgando. Lazima niwaambie kwamba bibi meno yalikuwa yamemwisha, na ugali wa mwaka ule ulikuwa na makapi mengi kuliko unga. Maziwa ya yule ng'ombe mmoja ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Sisi hatukuyaomba na yeye hakutugawia. Ndiyo yaliyomweka hai.

"Umemwona wapi mwanamke anayesukasuka maziwa akawa na viganja vyekundu?" akamwambia mama. "Tunajipaka udongo, tunasukasuka, tunatoa mikono myeupe. Weka koti hapa."

Mama alimshika mkono. "Mama, utakula nini?"

"Nitakula ugomvi wako. Nimeushibia tangu jana."

Akamimina. Maji ya maziwa yakaingia kwenye kola, mabegani, mgongoni, na wote wawili wakayafikicha, mikono minne ndani ya beseni moja, vichwa vyao karibu vigongane. Wakaliacha humo mpaka alfajiri. Jua lilipotoka wakalisuuza kwa maji ya majivu yaliyotulia, halafu wakalitandaza juu ya mwamba likiwa bichi. Likikauka, mama analinyunyizia maji. Likikauka tena, analinyunyizia tena. Mimi nilifukuza mbuzi na kuku. Na polepole, mbele ya macho yangu, ule wekundu ukawa unapauka, unapauka, mpaka ukabaki uzi mwembamba tu chini ya kwapa la kushoto. Hapo hapo jua lilikuwa limepanda, na muda ulikuwa umekwisha. Hatukuwa na nafasi hata ya kulipitisha kwenye uji.

Tulikwenda kambini mama mbele na koti, mtoto mgongoni, mimi nyuma na mtungi mtupu kichwani. Nilipogeuka nilimwona bibi anatufuata kwa fimbo yake, hajaitwa na mtu, na kifuani ameningʼiniza shanga zake zote. Mama hakumrudisha. Alipunguza mwendo tu.

Athumani alikuwa anahema kwa wasiwasi. Hakutusalimu vizuri. Alilinyakua koti, akalitandaza mezani, akapuliza makaa ndani ya pasi, akaanza na mgongo. Pasi ilipopita mara ya pili, harufu ikapanda. Samli! Samli na maziwa ya mgando, vuguvugu, vinanukia mpaka kwenye hema la pili. Mbwa wa kambini, aliyekuwa amelala kivulini, aliinua kichwa.

Athumani akaacha pasi hewani. Akainamisha pua kwenye koti. Akalipindua, akaliangalia mshono kwa mshono, mpaka akafika kwenye kwapa la kushoto.

"Hili koti limefanywa nini?" Hakuwa mcheshi hata kidogo. "Nani amelichezea?"

Mama akafungua mdomo, lakini bibi alitangulia. Alisogea mpaka mbele ya meza, akapiga fimbo chini, akasema kwa Kigogo, kwa sauti ambayo hata askari wa tangi aligeuka: "Nimelipaka mimi. Mimi peke yangu, kwa mikono hii. Huyu hakuwepo, alikuwa mtoni. Kama kuna wa kuchapwa nichapwe mimi, na mtoto apewe maji yake."

Athumani hakujua Kigogo. Akamgeukia mama. "Anasemaje huyu mzee?"

Mama alisogea karibu na bibi. Akamtazama bibi, kisha akamtazama Athumani, akasema kwa Kiswahili, "Anasema tulilipaka samli sisi wawili. Tulidhani tunalipendezesha. Na sisi wawili tumeitoa."

Mimi nilishtuka. Lugha zote mbili nilizijua, na nilisikia waziwazi kwamba mama amekosea. Nikamvuta shuka. "Mama, hukumsikia vizuri. Bibi amesema yeye peke..." Mama akanikanyaga mguu, kwa kisigino, barabara, nikanyamaza huku machozi yananilenga.

Athumani alitutazama mmoja mmoja. Sijui aliona nini. Labda aliviona vidole vya mama. Akalinyanyua koti, akalipeleka nje ya kivuli, juani, na hapo, wenzangu, sijatia chumvi, liliwaka. Lilikuwa jeupe hata macho yanauma. Mashati mengine ya Bwana yaliyoning'inia pale yalionekana ya manjano mbele yake.

Mlio wa gari la moshi ukasikika kwa mbali. Bwana Kamba akatoka hemani na shati tu, akiitisha koti lake kwa hasira. Athumani akalimalizia pasi mara mbili za haraka, akakimbia nalo, akamvika. Sisi watatu tulisimama kama tumechomekwa ardhini. Bwana akavuta kola. Akafunga vifungo. Akanusa hewa kidogo, akamtazama Athumani, na Athumani akasema kwa upole kwamba chakula cha wageni kiko tayari jikoni. Bwana akaenda zake kwenye tuta la reli, na yule mbwa akamfuata nyuma kwa heshima, pua kwenye pindo la koti, mpaka mbele ya wakubwa.

Athumani alirudi anajifuta jasho kwa kofia. Akaketi kwenye sanduku, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kwenye tangi, akamwambia askari asogee. "Leteni mtungi," akasema. "Na mwambie mzee kuanzia leo alete na wa kwake. Nguo zote za Bwana nazitaka hivi."

Mama akamtafsiria bibi, safari hii sawasawa. Bibi akasema, "Mwambie na yeye alete ng'ombe." Hilo mama hakulifikisha.

Tulipofika kwenye kichaka cha kwanza bibi aliketi, akaomba kata. Alimfungua mdogo wangu kutoka mgongoni mwa mama, akampakata, akamnywesha taratibu, akimfuta kidevu kwa viganja vyake. Mtoto alikunywa mpaka akakohoa, akataka tena. Mama alisimama kando, ameutua mtungi, analia wazi bila kujificha, na bibi hakumwambia anyamaze.

Mimi mguu ulikuwa bado unaniuma. Sikujua wakati ule kwamba bibi aliishi karibu na njia ya wapagazi miaka mingi kabla mama hajazaliwa, na Kiswahili alikielewa chote. Kukisema ndiko alikokataa. Alinivuta karibu, akaninong'oneza sikioni, lakini kwa nguvu ili mama asikie.

"Mjukuu wangu, mama yako Kiswahili hakijui kabisa."

"Hata mimi nimeona, bibi," nikamwambia.

"Usimsahihishe," akasema. "Muache hivyo hivyo." Kisha akaijaza kata tena, akaunyoosha mkono wake mwenyewe, akampa mama anywe.